Wasioona, viziwi au ulemavu wa akili: uchukue mkondo upi chuoni?

Ukishatangaza kwamba unasomea ualimu wa elimu maalumu, utapongezwa kwa moyo wa huruma mpaka uchoke. Kisha wakufunzi watakuuliza swali ambalo huruma hailijibu: unachukua mkondo gani? Ulemavu wa kuona, uziwi, au ulemavu wa akili na usonji? Wengi hujibu kwa kubahatisha, au hufuata rafiki wa chumba kimoja, au huchukua ule wanaodhani ni mwepesi. Jibu hilo ndilo litakaloamua kama miaka 20 ijayo utakuwa unagonga mashine ya nukta nundu (maandishi ya wasioona yanayopapaswa kwa vidole), unazungumza kwa mikono, au unamfundisha kijana wa miaka 14 kufunga vifungo vya shati.

Ninaandika kwa kufuata hali ya Tanzania, hasa nikimfikiria mwanachuo wa Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu pale Tengeru, Arumeru, au anayesoma shahada kwingine, kama Chuo Kikuu Huria. Msomaji wa Kenya anayewaza kwenda KISE, taasisi ya elimu maalumu ya kule iliyoko Kasarani, atakuta mambo mengi yanafanana, ingawa lugha ya alama ya kule ni nyingine na mwajiri ni mwingine. Ulemavu wa viungo sikuupa sehemu yake, kwa sababu wanafunzi hao wengi husoma darasa la kawaida na mahitaji yao makubwa ni njia, choo, kiti na muda.

Vigezo nilivyotumia ni hivi. Kwanza, stadi kuu ambayo mkondo unakudai na jinsi inavyopatikana. Pili, siku yenyewe darasani ikoje. Tatu, mtaala na mitihani. Nne, vifaa. Tano, wazazi. Sita, unakoweza kupangiwa na kazi nyingine zinazofunguka. Mshahara nimeuacha makusudi. Serikalini, mwenye stashahada huanzia daraja la IIIB na mwenye shahada daraja la IIIC, awe wa viziwi au wa wasioona, kwa hiyo hapo hakuna cha kulinganisha.

WASIOONA NA WENYE UONI HAFIFU

Stadi. Utajifunza nukta nundu. Seli moja ina nafasi sita za nukta, na mipangilio yake 63 inatosha herufi, tarakimu, vituo na alama za hesabu. Herufi zenyewe hazitakutesa, na mwanachuo mwenye bidii huzishika mapema. Kinachotesa ni kasi. Wewe unayeona utasoma kwa macho, nukta nyeupe juu ya karatasi nyeupe, na utagundua kwamba bila mwanga wa kutoka pembeni huoni kitu. Kwenye mashine ya Perkins, ya kuandikia nukta nundu, unabonyeza vitufe kadhaa kwa mpigo mmoja kupata herufi moja. Kwenye sleti na stailasi (kibao na kijiti cha kutobolea) kazi ni ngumu zaidi: unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa imegeuzwa, ili karatasi ikipinduliwa isomeke sawasawa. Kuna pia abakasi, yaani fremu ya shanga, kwa ajili ya hesabu, na kuna kumfundisha mtoto kutembea na fimbo nyeupe, kusikiliza mwangwi wa ukuta, kuhesabu ngazi, kujua upande wa jua. Hili la mwisho wanachuo hulipuuza, na ndilo linalomtoa mtoto bwenini akafika jikoni bila kushikwa mkono.

Halafu kuna uoni hafifu, ambao kwetu una uzito wake kwa sababu ya wanafunzi wenye ualbino. Wengi wao wana uoni hafifu na si wasioona. Mwalimu asiyejua kupima uoni unaofanya kazi, yaani kile mtoto anachoweza kukiona na kukitumia, huwatupa kwenye nukta nundu ilhali wangeweza kusoma maandishi makubwa, kwa lenzi, wakikaa mbele na mbali na mng'ao wa dirisha. Ukitaka kujua kama mwalimu wa mkondo huu ameiva, mtazame anavyowapanga wanafunzi hawa kukaa.

Siku darasani. Unaongea sana. Maneno kama "hapa", "hii" na "kama mnavyoona" yanakufa siku ya kwanza, kwa sababu kila unachoandika ubaoni lazima ukitamke, na kila mchoro uugeuze uwe kitu cha kupapasa: uzi uliogundishwa kwenye ramani, mbegu kwenye grafu, majani halisi badala ya picha ya majani. Sekondari mambo hubadilika. Huko mara nyingi wewe ni mwalimu wa kitengo ndani ya shule ya kawaida. Wenzako wanafundisha Historia, wewe unanukuu majaribio yao kwenda nukta nundu na kurudisha majibu ya wanafunzi kwenye maandishi ya kawaida ili yasahihishwe. Wiki za mitihani hulali mapema.

Mtaala na mitihani. Mtaala ni uleule na mtihani ni uleule wa Baraza la Mitihani, ila karatasi huja kwa nukta nundu au maandishi makubwa. Watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kwa hiyo kazi yako inaonekana kwenye matokeo, jina kwa jina. Udhaifu uko kwenye hesabu na sayansi. Wanafunzi wengi wasioona huishia michepuo ya sanaa, na mara nyingi sababu ni kwamba hakukuwa na mwalimu aliyejua kuandika mlinganyo kwa nukta nundu au kuandaa mchoro wa kupapasa. Kama wewe ulikuwa mzuri wa Hisabati, mkondo huu una pengo linalokusubiri.

Vifaa. Hapa ndipo mkondo huu unapokuwa ghali. Mashine ya Perkins hutoka nje ya nchi, karatasi yake ni nene na haipatikani duka la jirani, na kitabu kimoja cha kawaida hugeuka juzuu kadhaa zinazojaza rafu. Mashine ikiharibika, fundi wa kuitengeneza si wa kila mji. Simu zenye programu ya kusoma skrini zimerahisisha mengi kwa wanafunzi wakubwa, lakini mtoto wa darasa la kwanza bado anahitaji nukta chini ya vidole vyake, maana anayesikia tu bila kusoma hajifunzi tahajia.

Wazazi. Shida ya kawaida ni kulindwa kupita kiasi. Mtoto wa miaka minane analetwa hajawahi kujilisha mwenyewe wala kwenda chooni peke yake. Mzazi akimwona anaosha vyombo shuleni huweza kulia au kukulaumu. Baada ya muhula mmoja hubadilika.

Ajira. Shule ni chache na nyingi ni za bweni: Buigiri iliyoko Chamwino, Dodoma, iliyoanza mwaka 1950; Irente ya Lushoto; Furaha ya Tabora; Mitindo ya Misungwi; na vitengo katika shule kama Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam. Nje ya darasa kuna uchapaji wa vitabu vya nukta nundu na miradi ya mashirika. Jiandae kupangiwa mbali na kwenu.

Unamfaa anayependa masomo yenyewe, mwenye mikono mitulivu, asiyechoka kurudia kazi ya kunukuu, na anayeweza kueleza kitu kwa maneno mpaka mtu akakiona kichwani.

VIZIWI

Stadi. Lugha ya Alama ya Tanzania, yaani LAT. Ni lugha kamili yenye sarufi yake. Mtu anayefikiri atachukua sentensi ya Kiswahili na kuweka ishara moja kwa kila neno hufika darasani akatazamwa na watoto kwa mshangao. Uso ni sehemu ya sarufi: nyusi zinauliza swali, mdomo na mashavu vinaonyesha ukubwa na wingi, mwelekeo wa macho unaonyesha nani kamtendea nani. Mwanachuo mwenye aibu ya kutumia uso wake hukwama hapo, hata kama ana kumbukumbu nzuri ya alama.

Chati ya ukutani haikufundishi lugha hii. Utaipata kwa viziwi wenyewe: nenda kwenye matawi ya CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, kaa nao, ukosee wakucheke. Ujue pia kwamba alama hutofautiana kutoka shule hadi shule. Shule zetu za mwanzo zilitilia mkazo kusema na kusoma midomo, kwa hiyo watoto walijitungia alama zao bwenini, na alama hizo zikawa urithi wa shule. Uliyejifunzia Tengeru ukipangiwa Njombe utalazimika kujifunza upya baadhi ya maneno, na walimu wako watakuwa wanafunzi wako. Pamoja na lugha utasoma misingi ya kupima usikivu na kutunza shimesikio, kifaa cha sikioni cha kukuza sauti, kwa ajili ya wale wenye usikivu uliobaki.

Siku darasani. Huwezi kuandika ubaoni huku ukifundisha, kwa sababu ukigeuka umenyamaza. Wanafunzi wanakaa nusu duara ili waonane, mwanga unakuwa mbele yako na si nyuma, na ukitaka darasa likutazame unapunga mkono, unagonga sakafu au unazima na kuwasha taa. Kelele zipo, tena nyingi, ila hazikuhusu.

Uzito wa kweli uko madarasa ya chini. Mtoto anafika akiwa na miaka saba, tisa, wakati mwingine kumi na zaidi, akiwa hana lugha yoyote zaidi ya ishara chache za nyumbani: kula, kulala, njoo, baba. Hana neno la jana wala la kesho. Hana jina la hasira yake. Kabla ya kumfundisha kusoma inabidi umpe lugha, na hiyo ni kazi ambayo mwalimu wa darasa la kawaida hajawahi kuifanya maishani, maana wanafunzi wake huja nayo kutoka nyumbani. Kazi hii ikifanikiwa, hubadilisha mtoto ndani ya miezi kwa namna ambayo sijaiona katika mkondo mwingine wowote.

Kisha huja Kiswahili cha maandishi, ambacho kwa kiziwi ni lugha ya pili. Ataandika "mama soko nenda nyanya nunua". Viambishi vyetu, -na-, -li-, -me-, ngeli zote zile, havionekani mdomoni wala mkononi, kwa hiyo lazima vifundishwe kimoja kimoja kwa macho.

Mtaala na mitihani. Ni uleule wa kitaifa pamoja na nyongeza ya muda niliyoitaja. Hapa naona tuna deni kwa watoto hawa. Mtihani wa ufahamu au insha umetungwa ukimfikiria mtoto aliyesikia Kiswahili tangu tumboni. Kiziwi mwenye akili kali huanguka kwa sababu ya lugha ya swali, na mwalimu wake hulaumiwa kwenye kikao cha tathmini ya ufaulu. Kama unajua matokeo ya chini yatakuvunja moyo, lipime hili mapema.

Vifaa. Nafuu kuliko vyote. Mikono, picha, vitu halisi, simu ya kurekodi video. Betri za shimesikio ndizo hugeuka kilio.

Wazazi. Wengi wanasikia na hawajui alama. Wanampenda mtoto, wanasema hana shida ila hasikii tu, na hakuna anayezungumza naye nyumba nzima. Likizo ya Desemba kwa mtoto wa namna hiyo ni mwezi mzima bila mazungumzo. Ukiwa mwalimu wa viziwi utajikuta unaitwa kutafsiri ugomvi wa kifamilia, posa, hata taarifa ya msiba. Baadhi ya walimu huona usumbufu. Walio bora huanzisha darasa la alama kwa wazazi siku ya kufungua shule, hata dakika 40 tu, kabla wazazi hawajakimbilia basi.

Ajira. Zipo shule za viziwi zinazofahamika: Tabora iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, Buguruni ya Dar es Salaam, Mwanga, Njombe, Msandaka ya Moshi, pamoja na vitengo katika shule za msingi. Mkondo huu pia unafungua mlango wa ukalimani: taarifa za habari, mahakama, hospitali, mikutano, ibada. Ila usijidanganye kwamba kila mwalimu wa viziwi ni mkalimani. Kumfundisha mtoto wa darasa la tatu ni kitu kimoja, na kufuata hotuba ya bajeti bila kupoteza sentensi ni kitu kingine kinachohitaji mazoezi yake.

Unamfaa anayependa lugha, asiyeona haya kutumia mwili wake kuzungumza, na aliye tayari kuwa mgeni ndani ya jamii yenye utani wake, majina yake ya alama na mambo yake.

ULEMAVU WA AKILI NA USONJI

Stadi. Hapa hakuna nukta sita za kukariri wala lugha mpya ya mikono, na ndiyo maana wanachuo wengine huukimbilia. Wanakosea hesabu. Kwa mtazamo wangu huu ndio mkondo unaodai mipango mingi zaidi, kwa sababu kila mwanafunzi ana mpango wake peke yake: anaweza nini leo, afike wapi muhula huu, utajuaje kwamba amefika.

Stadi kuu ni kuvunja kazi vipande. Chukua kunawa mikono. Kwa mwalimu wa kawaida ni agizo moja. Kwako ni kwenda kwenye ndoo, kufungua koki, kulowesha, kufunga koki, kushika sabuni, kusugua viganja, kusugua migongo ya mikono, kurudisha sabuni, kufungua tena, kusuuza, kufunga, kufuta. Unarekodi mtoto anakwama kipande kipi. Mara nyingine unaanza kufundisha kutoka mwisho: wewe unafanya vyote, yeye anamalizia kufuta tu, apate raha ya kumaliza kazi. Akishaweza, unamwachia vipande viwili vya mwisho, na hivyohivyo kurudi nyuma. Njia hii ina nguvu kuliko inavyosikika, na haifanyi kazi kwa mwalimu asiyeandika kumbukumbu.

Stadi ya pili ni kusoma tabia. Mtoto anapojipiga kichwa au kukimbia darasani, unatafuta kilichotokea kabla na anachopata baada ya hapo. Kwa mwenye usonji huenda ni kengele, huenda ni shati jipya linalomkwaruza, huenda ni kwamba leo mmeanza na kuimba ilhali kila siku mnaanza na uji. Utajifunza kutumia kadi za picha kwa wasioongea, na lazima ujue la kufanya mtoto akipatwa na degedege la kifafa: kumlaza ubavu, kuondoa vitu vya hatari karibu yake, kutotia kitu mdomoni, kutazama saa.

Siku darasani. Darasa ni dogo lakini ndani yake mna madarasa matano. Kuna msichana mwenye Down sindromu anayependa kila mtu, mvulana mwenye usonji asiyetaka kuguswa, mwenye mtindio wa ubongo anayeelewa kuliko anavyoweza kusema, na kijana wa miaka 16 aliyeingia shule mwaka jana. Utafuta mate. Utabadilisha nguo. Mlezi wa kukusaidia huenda yupo, huenda hayupo. Maendeleo huhesabiwa kwa miezi, na likizo ndefu huweza kufuta ulichojenga tangu Januari.

Mtaala na mitihani. Wapo wanaofanya mtihani wa darasa la saba, lakini wengi hufuata mtaala uliotengenezwa kwa ajili yao, wenye stadi za kujihudumia, mawasiliano, hesabu za matumizi, na kazi za mikono kama bustani, mapishi na ufumaji. Uhuru huo ni mtamu: humkimbizi mtu kwenye silabasi. Uchungu wake ni kwamba shuleni kwenu kuna ubao wa ufaulu, na darasa lako halimo. Mwalimu mkuu asiyeelewa atakuchukua ukasimamie darasa la nne akikosekana mwalimu, kana kwamba wanafunzi wako wanaweza kukaa tu. Utajitetea mwenyewe, na utajitetea mara nyingi. Wakubwa wakimaliza, swali ni waende wapi. Chuo cha Yombo cha Dar es Salaam hufundisha ufundi watu wenye ulemavu, lakini nafasi hazitoshi wote, na wengi hurudi nyumbani kusubiri kile ulichowafundisha kiwafae huko.

Vifaa. Vizibo, mbegu, sufuria, ndoo, jembe, kadi ulizochora mwenyewe. Bei yake ni ndogo ila huisha haraka na hutoka mfukoni mwako. Kifaa kikubwa kuliko vyote ni maji ya uhakika na choo kilicho karibu na darasa. Ukienda mazoezi ya kufundisha, tazama hivyo kabla ya kutazama ukuta uliopambwa.

Wazazi. Hapa ndipo kazi ilipo nzito kuliko mikondo miwili ya mwanzo. Mzazi anakufikia baada ya kuzunguka hospitali, waganga na maombi. Mara nyingi ni mama peke yake, baba aliondoka. Wengine walimficha mtoto miaka mingi. Atakuuliza, "Mwalimu, ataongea lini?" na huna tarehe ya kumpa. Utalazimika pia kuzungumza naye mambo yasiyosemeka kirahisi: binti anavunja ungo, hajui kukataa kuguswa, na ulinzi wake uanze kufundishwa nyumbani na shuleni kwa pamoja. Kama mazungumzo ya namna hii yanakushinda kabisa, jua kwamba hayaepukiki.

Ajira. Wasioona na viziwi wamekusanywa kwenye shule chache za bweni, lakini wanafunzi wa mkondo huu wapo karibu kila kata, na vitengo vyao hukaa ndani ya shule za msingi za kawaida. Nafasi ya kufundisha mjini au karibu na kwenu ni kubwa zaidi. Mijini kuna pia vituo binafsi, hasa vya usonji, ambako wazazi hutafuta walimu wenyewe. Irente Rainbow ya Lushoto na Sinza Maalumu ya Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kwenda kujionea.

Unamfaa mtu mtulivu, anayeandika kumbukumbu bila kusukumwa, asiyeona kinyaa kumhudumia mtoto mwilini, na anayeweza kufurahia jambo dogo bila kuhitaji watu wengine walione.

KABLA YA KUJAZA FOMU YA MKONDO

Mikondo hii haijatenganishwa kwa ukuta. Utakutana na kiziwi mwenye usonji, na mtoto asiyeona mwenye ulemavu wa akili. Kuna pia viziwi wasioona, ambao mawasiliano yao hupita kwenye viganja. Ukiwa mwalimu pekee wa elimu maalumu katika shule yenye kitengo, wote wataletwa kwako bila kuuliza cheti kinasema nini. Kwa sababu hiyo, hata ukichukua mkondo mwingine, jifunze LAT ya salamu na darasani, na jifunze kusoma nukta nundu polepole.

Kama umetoka kidato cha sita na hujawahi kukaa na mtoto mwenye ulemavu hata mmoja, usichague kwa kusoma maandishi kama haya peke yake. Ukiwa Dar es Salaam, omba ruhusa Uhuru Mchanganyiko ukae nyuma ya darasa, maana pale utaona zaidi ya mkondo mmoja chini ya paa moja. Omba pia kufika jioni katika shule ya bweni. Asubuhi kila shule iko safi na wimbo wa kukaribisha wageni umeandaliwa. Saa kumi na mbili jioni utaona kazi ilivyo.

Kama tayari ni mwalimu wa kawaida unayetaka kurudi chuo, anza na wanafunzi ulio nao. Shule yako ina watoto wanne wenye ualbino wanaoinamia daftari mpaka pua inagusa karatasi? Mkondo wa kuona utakurudisha kwao ukiwa na jibu. Una kitengo cha ulemavu wa akili kisicho na mwalimu aliyesomea? Hapo hata mwajiri ataielewa ruhusa unayoiomba.

Kama wewe mwenyewe una ulemavu, watu watakusukuma kwenye mkondo wa ulemavu wako. Mara nyingi wanasema kweli: mwalimu kiziwi kwa mtoto kiziwi ni mfano hai na ni msemaji wa asili wa lugha hiyo, na mwalimu asiyeona husoma nukta nundu kwa vidole kwa kasi ambayo sisi wa macho hatuifikii. Lakini hulazimiki. Mwenye ulemavu wa viungo au ualbino ana mikondo yote mitatu mbele yake, akihakikisha tu mazingira ya kazi yanambeba.

Kama umevutwa na mdogo wako au binamu mwenye ulemavu, jiulize kama unataka kuwa na hali hiyo nyumbani na kazini pia. Wapo wanaopata nguvu humo. Wapo waliochukua mkondo jirani kwa makusudi ili wapate pumzi, na ni walimu wazuri tu.

Kama unalenga sekondari na una somo unalolipenda, Kiswahili, Historia au Hisabati, basi wasioona na viziwi ndiko utakakolitumia hadi mwisho. Kama una mume, mke au mzazi mgonjwa anayekufunga mahali pamoja, vitengo vya ulemavu wa akili vina nafasi nyingi zaidi za kukuweka karibu. Na kama kumsafisha mtoto aliyejichafua kunakutapisha, sema sasa, chuoni, bila aibu.

Waliobaki wamegawanyika kati ya miwili watumie mazoezi ya kufundisha vizuri: mzunguko wa kwanza omba upelekwe kwenye mkondo unaouogopa. Halafu pita ofisi ya halmashauri ya kwenu, umwone Afisa Elimu anayeshughulikia elimu maalumu, umuulize maswali mawili: kila mkondo una wanafunzi wangapi walioandikishwa, na una walimu wangapi waliousomea. Andika namba hizo pembeni ya fomu yako kabla hujaweka alama ya vema popote.